Tiara, Bawa na Kamba Iliyonasa

Masomo yalipokwisha, Chiriku hakuwa na desturi ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata njia nyuma ya kiwanda cha matofali, akaibukia ziwani, kwenye kituo cha michezo ya maji ambako baba yake alikuwa fundi wa vifaa. Jina hilo la Chiriku msichana huyu alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lilimkaa vizuri, hata mwalimu alipomwita kwa jina lake halisi alikawia kuitika.

Karakana ya baba ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mpira uliolowa. Mezani palikuwa na cherehani, pampu na mabaki ya viraka. Kazi ya Chiriku ilikuwa kusuuza matope kwenye vifaa vilivyotoka majini na kuvianika kivulini, kwa maana jua hula kitambaa kama mchwa alavyo mlango. Kazi ya baba ilikuwa kuziba matundu, kunyoosha kamba na kulalamika.

"Hebu tazama kamba hii," alisema siku ile, akiizungusha kidoleni. "Tangu msimu uliopita naomba mpya. Meneja ananiambia subiri, fundi, subiri. Mbona kiti chake cha kuzunguka hakikusubiri?"

"Labda kilikuja chenyewe, Baba, kikizunguka," Chiriku alisema.

Baba alikaribia kucheka, akajizuia. Tangu mkewe afariki, kicheko kwake kilikuwa kama mgeni anayepiga hodi na kuondoka kabla ya kufunguliwa. "Cheka tu, mwanangu. Mama yako hakuuawa na homa. Aliuawa na foleni ya hospitali. Sisi tumekaa kwenye benchi, na mkubwa wa pale yuko kikaoni. Wakubwa wakikosea, huitisha kikao. Mdogo akikosea, huitiwa mlinzi wa getini."

Maneno hayo Chiriku aliyajua kwa moyo. Hakubisha. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba alikuwa ameumwa mahali pabaya.

Pale kituoni kulikuwa na michezo miwili iliyowagawa watoto kama timu za mpira. Yote miwili hutumia ubao ulio na mguu mrefu wa chuma upande wa chini, na mwishoni mwa mguu huo kuna mabawa madogo yanayokata maji. Ukipata mwendo, ubao mzima huinuka, ukateleza juu ya maji bila kuyagusa, kimya kama paka anayevuka jikoni. Tofauti ni kile kinachokuvuta. Wa tiara huvutwa na tiara kubwa ya kitambaa inayoruka juu kabisa, mwisho wa kamba ndefu zilizoshikizwa kwenye mkanda wa kiunoni. Wa bawa hushika mikononi bawa pana lililojazwa hewa kwa pampu, halina kamba ila ile fupi ya kwenye kifundo cha mkono, lisije likapotea.

Chiriku alikuwa wa bawa. Rafiki yake Sindano, msichana mrefu mwembamba aliyemzidi darasa moja, alikuwa wa tiara, tena alikuwa amechaguliwa kukiwakilisha kituo kwenye mashindano. Urafiki wao ulijengwa kwa matani.

"Nyinyi wa bawa mnapigapiga kama kuku anayetaka kupanda ukuta," Sindano alisema alasiri ile, watoto wakiwa wamekaa kwenye majani wakisubiri upepo.

"Afadhali kuku, mabawa ni yake. Wewe ni mbuzi wa kamba. Upepo ukitaka kukulisha majani ya ng'ambo, unakwenda tu na ndevu zako!"

Watoto wakaangua kicheko. Sindano naye hakushindwa. "Haya, na upepo mdogo kama wa leo utafanyaje? Utakaa hapa ujipepee. Mimi tiara yangu inaufuata upepo hukohuko juu unakojificha. Tena nikiondoka, nakuacha mpaka unisahau sura."

"Na upepo ukikatika katikati ya ziwa? Tiara inadondoka, unabaki unaelea na kamba kama tambi kwenye sufuria. Mimi nalala juu ya ubao wangu, napiga makasia kwa mikono, nafika nyumbani mapema. Halafu mimi sirushwi na mtu. Wewe bila mrushaji wa kukushikia tiara mpaka ishike upepo huendi popote."

Kocha, mama mmoja mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi, alikuwa akiwasikiliza. "Nyote mnasema kweli, na kila mmoja anasema nusu," alisema. "Bawa linachosha mikono na linataka upepo wenye nguvu, lakini likikushinda unaliachia, linalala majini kama shuka. Tiara ina mbio na inaridhika na upepo mdogo, ila ikikosewa wakati wa kuruka, inaondoka nawe. Bawa linasamehe. Tiara haijui msamaha. Anayerushwa amemkabidhi mrushaji mwili wake."

"Mimi hilo nalijua, Kocha," Chiriku alidakia, kwa kuwa hakupenda mtu mwingine amalizie mazungumzo.

"Unalijua wapi?" Sindano aliuliza. "Umewahi kurusha tiara wewe?"

Macho yote yakamgeukia. Ukweli ni kwamba tiara alikuwa amezibeba zikiwa zimekunjwa, amezisuuza, amezianika. Kurusha hajarusha hata moja. Lakini kusema hivyo mbele ya kundi zima, baada ya maneno mengi namna ile, kungekuwa kama kuvua viatu watu waone soksi zilizotoboka.

"Nimerusha, tena mara nyingi! Nani anazifunga kamba hapa kama si baba yangu?"

Uongo ukamtoka mwepesi kama mbegu ya chungwa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumamosi upepo ulikuja mzuri, wa kusukuma bila kupiga kelele. Mrushaji wa siku zote, kijana wa hapo kituoni, hakufika. Alikuwa na homa. Kocha mwenyewe alikuwa anajiandaa kumrusha Sindano, pale meneja alipojitokeza kwenye ngazi za ofisi akiwa na wageni waliovaa viatu vya kung'aa.

"Kocha! Wageni wetu hawana siku nzima. Njoo tupige picha."

"Nina mtoto anataka kuruka, Bosi. Dakika chache tu."

"Sasa hivi, Kocha."

Kocha aliiweka tiara chini. Akageuka. "Chiriku, si ulisema unajua kurusha?"

Huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea, tena uliachwa wazi. Chiriku aliuona. Lakini watoto wa bawa na wa tiara walikuwa wamesimama palepale, na Sindano alikuwa ameinua nyusi, anasubiri kucheka.

"Najua, Kocha."

"Haya. Kagua ncha zote mbili za tiara, kamba isiwe imenasa popote. Subiri akuonyeshe dole gumba, ndipo uachie."

Chiriku akaishika tiara ikiwa imesimama kwa ubavu. Ilitetemeka mikononi mwake kama mnyama aliyefungwa. Mbali kule mwisho wa kamba, Sindano alikuwa amejifunga mkanda, amekaza miguu mchangani. Chiriku akatazama ncha ya juu: safi. Akatazama ncha ya chini, na hapo akaona kamba moja imejiviringisha juu ya ncha, mara moja tu, kama uzi juu ya kidole.

Alisita. Kwenye bawa lake, ile kamba fupi ya mkononi hujiviringisha hivyo kila siku. Ukiligeuza bawa kidogo, upepo unaifungua wenyewe, wala huhangaiki. Akajiambia, hata hii itajifungua. Lakini moyo haukukubali. Moyo ulimwambia, uliza. Aulize vipi? Kumpigia Sindano kelele, "Hii ni sawa?" kungekuwa sawa na kutangaza kwamba hajui kitu, na kwamba maneno yote ya majuzi yalikuwa upepo mtupu.

Dole gumba la Sindano likapanda juu.

Chiriku akaachia.

Tiara haikupanda kama zipandavyo nyingine. Ilijipinda upande mmoja, ikazunguka, ikachota upepo kwa hasira. Sindano alinyanyuka miguu yote, akatupwa mbele, akaburutwa kifudifudi mchangani kuelekea uzio wa mawe. Watu wakapiga mayowe. Akakipapasa kishikio chekundu cha mkandani, cha kuilegezea tiara wakati wa dharura, akakikosa, akakipata, na tiara ikalegea ikaanguka. Lakini mawe yalikuwa yamekwisha fikiwa. Alipojaribu kuinuka, mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Wote wakamkimbilia Sindano. Chiriku peke yake alikimbilia tiara. Kamba ile, wakati wa kuanguka, ilikuwa imechomoka kwenye ncha. Zote zilikuwa zimelala mchangani zimenyooka, kama hazikufanya kitu.

Kocha alikuja akihema. "Chiriku, ncha zilikuwa safi?"

"Zilikuwa safi, Kocha."

Nyuma yake meneja alikuwa anafuta jasho, akiwatazama wageni wake wakiingia garini. "Nani alizifunga kamba hizi?" aliuliza kwa sauti, na bila kungoja jibu akageuza shingo kuelekea karakana. "Fundi!"

Baba alikuja na gundi vidoleni. "Kamba nimezifunga mimi, na nimezifunga sawasawa. Kama kuna kitu kimekosea basi ni uchakavu, na uchakavu si wangu. Nani hapa niliyemlilia kamba mpya, si wewe? Leo mtoto wa watu amevunjika, unaniangalia mimi?"

"Tutaongea Jumatatu, Fundi."

"Tena tutaongea!"

Jumapili Chiriku alikwenda kumwona Sindano. Alimkuta amekaa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta nyeupe mpaka juu ya kiwiko, mikwaruzo kidevuni.

"Mashindano ndiyo basi tena," Sindano alisema. Alijaribu kulisema kama jambo dogo, midomo ikamsaliti. "Lakini usijisumbue. Sikulaumu wewe. Mama anasema baba yako ndiye mwanamume pekee pale kituoni anayethubutu kusema kweli. Kamba mbovu, ndivyo?"

Chiriku alivitazama vidole vyake vya miguu.

"Wewe si ulizikagua ncha?"

"Nilikagua."

"Basi. Chukua kalamu, nichoree bawa hapa kwenye plasta, kuku wewe. Niwe na kitu cha kucheka."

Chiriku akachora. Bawa likatoka kama jani lililoliwa na funza. Sindano akacheka kweli, kicheko cha mtu asiyedhania baya, na kila alivyocheka ndivyo Chiriku alivyotamani ardhi ipasuke immeze na kochi lao pia.

Alidhani nyumbani atapumua. Akamkuta baba anapiga pasi shati jeupe, lile alilolivaa kwenye mazishi ya mama na ambalo tangu siku hiyo halikutoka kabatini. Baba alikuwa anapiga mluzi.

"Kesho, mwanangu, kesho! Nimezungumza na wapishi, walinzi, hata yule bibi wa kufagia. Wote watakuja dirishani kusikiliza. Miaka yote nimesema hawa watu wanacheza na roho za watu, nani alinisikia? Kesho watasikia."

Akaligeuza shati, akaikandamiza kola kwa uangalifu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Chiriku, ambaye maneno hayakumwishia tangu azaliwe, siku hiyo hakupata hata moja.

Jumatatu ofisi ya meneja ilijaa. Meneja alikuwa nyuma ya meza, juu ya kiti chake cha kuzunguka. Kocha alisimama pembeni, ameinamisha kichwa. Dirishani zilionekana nyuso za wafanyakazi zimebanana. Chiriku, akiwa na mkoba wa shule mgongoni, aliambiwa na baba yake asimame karibu naye.

"Fundi," meneja alianza, "mimi sina ugomvi na mtu. Lakini kamba ni kazi yako, na mtoto ameumia. Kituo hakiwezi kuendelea nawe."

"Haya, sasa nisikilize," baba alisema, na sauti yake ilijaa chumba. "Wewe ndiwe uliyebana kila kitu isipokuwa tumbo lako. Wewe ndiwe uliyeninyima kamba. Mkono wa yule binti umeuvunja wewe, kama vile umeushika ukaukunja. Nasema mbele ya watu hawa wote! Na ninaye shahidi. Mwanangu ndiye aliyeishika tiara ile. Mwanangu haongopi." Akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye gundi iliyokauka. "Sema, binti yangu. Usimwogope. Kamba zilikuwa chakavu, au nasema uongo?"

Dirishani mtu alisema, "Sema, binti, sema!"

Chiriku aliusikia uso ukiwaka kama umesogezwa karibu na tanuri. Alitazama kola ile iliyopigwa pasi. Angesema neno moja tu, ndiyo, na baba angeshinda. Meneja angenywea. Hakuna binadamu ambaye angejua. Hakuna, isipokuwa yeye, naye angelazimika kuishi na baba huyu anayepiga mluzi kwa sababu ya uongo wake.

"Baba," alisema, "kamba zilikuwa nzima."

Mkono begani ukatulia.

"Moja ilikuwa imenasa kwenye ncha. Niliiona. Nilifikiri itajifungua yenyewe kama ya bawa. Sikuuliza kwa sababu... kwa sababu sijawahi kurusha tiara. Hata siku moja. Niliongopa mbele ya watoto wote, halafu nikamwongopea Kocha, halafu nikamwongopea Sindano. Nikaona aibu kurudi nyuma."

Nje kengele ya baiskeli ililia, ikapita. Meneja akaegemea kiti chake, na kona ya mdomo ikaanza kupanda.

Baba alikuwa ameganda. Shingo yake ilibadilika rangi juu ya kola nyeupe. Nyuso za dirishani zikaanza kupungua, moja moja, kama watu waliokumbuka kwamba wana kazi. Chiriku hakuthubutu kumtazama. Alingoja kibao, au kelele, au baba atoke amwache hapo.

Baba akavuta pumzi. "Meneja," alisema, na kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa. "Nimekuambia umeuvunja mkono wa mtoto. Nimesema mbele za watu. Si wewe. Ni mwanangu, na mimi niliyemsemea bila kumuuliza. Kwa hilo naomba radhi."

Kona ya mdomo wa meneja ikashuka yenyewe. Huenda hakuwahi kuombwa radhi na mtu aliyesimama wima namna ile.

Ndipo Kocha akainua kichwa. "Bosi, na mimi nina langu. Nilimwachia mtoto kazi ya mtu mzima bila kumpima. Nilijua si sawa. Nilikuja kwenye picha kwa sababu uliniita mara ya pili."

Meneja aliizungusha kalamu. Akatazama dirisha, ambako sasa alibaki bibi wa kufagia peke yake, na bibi huyo hakuonyesha dalili ya kuondoka. "Fundi arudi karakana," alisema mwishowe. "Na kuanzia leo, tiara hairuki bila Kocha kuwepo. Wageni wangoje." Kuhusu kamba mpya hakusema kitu, na baba, kwa mara ya kwanza, hakuuliza.

Wakatoka wawili hao. Baba hakuelekea karakana. Alielekea kwa kina Sindano, na Chiriku akamfuata nyuma kama kivuli kilichokosa adabu. Mlangoni mama yake Sindano aliwakaribisha kwa tabasamu la kumpokea shujaa, jambo lililofanya kila kitu kiwe kigumu mara mbili.

"Mama, shikamoo," Chiriku alisema. Halafu akasema yote, akiwa amesimama, bila kukalia kochi.

Tabasamu la mama likafa. Sindano alisikiliza mpaka mwisho, akilitazama lile bawa la kwenye plasta.

"Jana nilikuuliza," alisema taratibu. "Ukaniangalia, ukasema ulikagua. Mkono utapona. Hilo la jana ndilo linaloniuma. Nenda, Chiriku. Sitaki kucheka leo."

"Naweza kuja tena?"

Sindano aliuinua mkono wenye plasta. "Njoo Jumamosi. Siwezi kuandika, na nina kazi za shule za wiki nzima. Utaandika ninachokuambia, na hutaongeza neno lako hata moja."

Njiani kurudi, jua lilikuwa bado juu na vumbi la kiwanda cha matofali lilikuwa limetanda barabarani. Baba aliifungua kola ya shati lile, akapumua.

"Una hasira na mimi, Baba?"

"Nina aibu, mwanangu. Hasira nimeizoea, haiumi hivi." Walitembea kidogo. "Wale wakubwa wana makosa yao. Kamba wameninyima kweli, na Kocha aliitwa aache kazi kwa ajili ya picha. Nitayasema hayo mpaka nizikwe, usidhani nimebadili dini. Ila nisikilize. Kosa la mkubwa halifuti la mdogo. Mtu anayeonewa hana silaha nyingine ila ukweli wake. Akiuchanganya na uongo hata kidogo, amewapa wale wale fimbo ya kumchapia. Leo nusura nisimame mbele ya watu wote juu ya ubao uliooza, na wewe ndiye uliyeuweka chini ya miguu yangu."

Chiriku alilia, bila sauti.

"Kusema sijui ni aibu ya muda wa kupiga chafya," baba alisema. "Watacheka, watanyamaza, watakufundisha. Ile ya kujifanya unajua, umeuona urefu wake: imeanza kwako, ikavunja mkono wa rafiki yako, ikafika mpaka kwenye shati langu. Siku nyingine mtu akikuuliza kitu usichokijua, mwambie sijui, mapema, kabla hajainua dole gumba."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa kaza mwendo. Kesho, masomo yakiisha, utasimama mbele ya Kocha, umwambie akufundishe kurusha tiara tangu mwanzo, kama mtu asiyejua kitu."

"Mbele ya wale watoto wengine?"

"Mbele yao hasa," baba alisema.